Utomvu kwenye Gauni la Ndeshi

Wenzangu mliokulia migombani mtanielewa nikisema kwamba enzi zetu tulikuwa na nguo za aina mbili tu: za kanisani na zenye utomvu. Utomvu wa mgomba hauna haraka. Ukikudondokea asubuhi ni maji tu, huuoni. Ukikauka unakuwa rangi ya chai, baadaye rangi ya kahawa iliyokaangwa, na ukifuliwa kwa sabuni ndiyo kwanza unakolea. Kule kwetu Machame mtu angeweza kutazama shati langu akajua wiki hiyo nimekata majani ya ng'ombe mara nyingi kuliko nilivyokwenda shule.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchora. Nilichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, kwa kijiti kwenye vumbi la njia ya shuleni, kwa kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi za Julai, ukungu unapoteremka mlimani na meno yanagongana. Karatasi yangu ilikuwa mfuko wa saruji, niliouchana na kuukung'uta mpaka nikapiga chafya. Rangi hazikuwepo. Ilikuwa miaka ile maduka ya Moshi yalipoanza kujaa tena baada ya kukaa matupu, lakini penseli za rangi tuliziona nyuma ya kioo tu, kama keki. Basi nilitumia kilichokuwepo: udongo mwekundu wa kingo za barabara, majani ya maharage yaliyopondwa, na utomvu. Nilichovya unyoya wa kuku kwenye shina la mgomba lililokatwa, nikachora kwenye mfuko wa saruji, nikauweka juani. Baada ya muda ng'ombe wetu alitokea polepole, pembe kwanza, kama anayetoka kwenye ukungu. Mama akinikuta nimejikunyata namna hiyo wakati zizi halijafagiliwa, alisema, "Elia, mkono huo unakuwasha nini?"

Mama alikuwa na kidole cha shahada kilichopinda mkono wa kulia. Mundu ulimkata akiwa msichana, kikapona vibaya. Alipotuonyesha kitu, kidole kilielekea kwingine, nasi tulicheka kwa siri.

Dada yangu Ndeshi, aliyenizidi miaka mitatu, alipofika mwaka wa kipaimara, Mama aliteremka sokoni Kiboriloni na mikungu ya ndizi kichwani, akarudi na gauni jeupe la mtumba. Mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeingia wakati ule na tuliistahi. Gauni lilinukia dawa ya nondo, na mimi niliona ndiyo harufu ya Ulaya. Lakini Ndeshi alikunja uso. Wasichana wenzake walikuwa na magauni yenye lesi. Lake lilikuwa jeupe tu, kama shuka.

"Nitaonekana nimeamka kitandani nikaja kanisani," alinung'unika.

"Naweza kulichora maua," nilisema. "Kwa utomvu. Yatakuwa kama nyuzi za dhahabu."

Alinitazama akipima kama nina akili timamu. "Ukiliharibu nakuua."

Tulikaa nyuma ya zizi, Mama akiwa kwa jirani. Nilichora ua moja la kahawa kwenye pindo, kwa uangalifu, ulimi nje. Ndeshi akainama.

"Mbona hamna kitu?"

"Subiri."

"Nasubiri nini? Hamna kitu. Wewe muongo. Weka mwingine."

Hapo ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa sababu sikujua. Nilijua. Lakini dada alikuwa akinihimiza na mimi nilitaka anisifu, nikachovya unyoya hadi ukalowa. Tone likaanguka katikati ya gauni, mbele, pale macho yote yatakapotazama. Tulilipangusa, likatanda. Asubuhi, siku mbili kabla ya Jumapili ya kipaimara, pindo lilikuwa na ua moja zuri sana, na juu yake doa la ukubwa wa kiganja, kama ng'ombe amelamba.

Ndeshi hakuniua. Alilia bila sauti, na afadhali angeniua. Hatukuwa na gauni lingine wala namna ya kulipata. Asiyekuwa na nguo nyeupe angesimama mwisho wa mstari na sketi ya shule, na kanisa zima lingejua kwa nini.

Mama alipoliona alilichukua. Aligeuza gauni huku na huku, akalinusa. Nilikuwa nimeshakaza mgongo kusubiri fimbo.

"Hili hata nikifua mpaka Pasaka halitoki," alisema mwishowe. "Kakate shina lingine."

"Mama?"

"Huna masikio? Umeanza, utamaliza. Zungusha maua pindo lote. Na hilo doa lifanye kitu."

Siku hiyo Mama hakwenda kukata majani. Aliugeuza ungo, akatandaza gauni juu yake, akalivuta kwa mikono miwili lisikunjamane, kidole kilichopinda kikiwa kimekaza kitambaa pembeni mwa unyoya wangu. Kila nilipotaka kuharakisha alisema, "Taratibu. Haufutiki." Doa nililifanya ndege, yule mdogo anayenyonya maua ya migomba, na mdomo wake nikauinamisha kwenye ua la kahawa. Ndeshi alikaa mlangoni ametupa mgongo, akimenya ndizi za supu ya mtori kwa hasira, maganda yakiruka hadi uani.

Jumapili, wasichana walipoingia kanisani kwa mstari, mwanamke mmoja nyuma yetu alimnong'oneza Mama, "Hilo gauni la Ndeshi limetoka ng'ambo?"

"Limetoka migombani," alijibu Mama, bila kugeuza kichwa.

Ndeshi alipopita kwenye benchi letu alilishika pindo kidogo tu, akalinyanyua upande wangu. Katika maisha yangu ya kuchora sijapata sifa nyingine kama ile. Wiki iliyofuata wasichana walikuja nyumbani na vitambaa vyao, Mama akawafukuza: "Migomba yangu si kiwanda!"

Nilimaliza kidato cha nne nikaishi kwa kuchora. Nimechora ng'ombe wa bucha mjini Bomang'ombe, anayetabasamu kana kwamba hajui yuko mlango gani. Nimechora mabango ya kunawa mikono na picha za vitabu vya watoto. Kila picha iliagizwa na mtu, ikawa na siku yake ya mwisho. Nimechora akina mama wasiohesabika, wa vitabuni, wenye vidole vilivyonyooka. Wa kwangu sikumchora. Ndeshi aliolewa Old Moshi, na kila Krismasi aliniambia, "Elia, nichoree kitambaa cha meza kwa utomvu, kama lile gauni." Kila Krismasi nilijibu nikipata nafasi, nikampelekea cha dukani chenye maua ya plastiki. Mama akafa. Gauni lenyewe likaliwa na panya. Nafasi nilikuwa nayo. Niliona utomvu ni mchezo wa kitoto, na mimi nilikuwa mchoraji wa watu wazima. Kosa hilo ni langu.

Sasa hakuna anayeniagiza, na nimerudi kwenye utomvu. Nimegundua mgomba mchanga hutoa rangi nyepesi na uliozaa hutoa nzito. Kahawa nyingi zimeng'olewa, lakini maua yake bado nayajua kwa mkono. Mjukuu wangu hunionea huruma. "Babu, chora kwenye simu. Ukikosea unagusa hapa, inarudi." Amechora nyumba nzima, akaifuta na kuichora upya kabla sijapata unyoya wa kufaa. Nyumba nzuri, siwezi kukataa. Ina hata bwawa la kuogelea, huku Machame, kwenye baridi ile.

Krismasi iliyopita nilikwenda Old Moshi na kitambaa cheupe. Nilikata shina nyuma ya nyumba ya Ndeshi, nikageuza ungo wake, nikamwambia akivute kitambaa. Anavaa miwani sasa na magoti yanamsumbua. Wajukuu wake walisimama kidogo, wakaona sina ninachochora, wakarudi kwenye simu zao.

Nilipomaliza aliinama.

"Mbona hamna kitu?"

"Subiri."

Nilidhani atacheka. Alivuta kigoda akaketi karibu yangu, akanimiminia chai. Tukasubiri. Zamani tulisubiri kila kitu, ndizi ziive, mvua ikatike, Mama arudi sokoni, na hatukujua kwamba kule kusubiri ndiko tulikokuwa pamoja. Siku hizi kitu kinatokea hapo hapo na kinafutika hapo hapo, na kila mmoja yuko na cha kwake.

Jua lilipoanza kuegemea magharibi, rangi ya chai ikaanza kupanda kwenye kitambaa. Ikatokea duara ya ungo, ikatokea mikono miwili inayovuta pindo, na kwenye mkono wa kulia, taratibu, kidole cha shahada kinachoelekea kwingine.

Ndeshi akavua miwani.

"Ndicho chenyewe," alisema.