Bi Njia na Kuku Aliyepotea Kompyutani

Saa tatu asubuhi, kuku hayupo.

Jana alikuwepo. Alivaa viatu vyekundu, akacheza juu ya paa la basi, na ofisi nzima ikasimama nyuma ya mchoraji wake ikampigia makofi. Leo, katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro, filamu ya katuni inaoneshwa kwa mara ya mwisho kabla ya wanunuzi kufika. Pale anapopaswa kucheza kuku, basi linapita likiwa na paa tupu, polepole, kwa heshima zote, kama gari la maiti.

"Kuku wangu!" analia mchoraji, kijana mrefu ambaye hapa wanamwita Mlingoti. "Wiki nzima nimemchora! Mmemla?"

Kutoka kona ya dirisha, mwanamke mmoja anakisukuma kiti chake cha ofisi chenye magurudumu na kuteleza nacho hadi mezani kwa Mlingoti. Hainuki. Kuinuka, kwa maoni yake, ni kwa watu ambao viti vyao havina magurudumu.

"Usiguse kitu," anaamuru. "Mikono juu. Juu zaidi, wewe ni mrefu. Sasa niambie, njia yako iko wapi?"

Ni kwa swali hilo alipata jina la Bi Njia.

Katika ofisi hii, wachoraji, watia rangi na watia sauti wote hutengeneza filamu moja. Kazi zao hutunzwa katika ghala moja, ndani ya programu inayokumbuka kila badiliko na aliyelifanya. Lakini hakuna anayechorea ghalani. Kila mtu ana folda ya kazi kwenye kompyuta yake, na lazima programu ioneshwe njia ya kuifikia: folda ya huyu ni ile pale, peleka pale, chukua pale. Anayeionesha ni Bi Njia.

"Ni kama kumwelekeza mgeni kwako," anaeleza. "Ukimwelekeza vibaya atakula na kushiba vizuri tu, ila kwa jirani."

Alisomea kompyuta chuoni, akahitimu kwa alama ambazo huzitaja hata asipoulizwa, kisha akakaa kwa dada yake muda mrefu mpaka watoto wa dada wakadhani Mama Mdogo ni sehemu ya samani. Akauza vifuniko vya simu. Hatimaye akaitwa hapa kama kibarua wa kutwa. Ujira wake unatosha chakula na nauli. Siku ya kununua sabuni, anarudi kwa miguu.

"Mama yangu huwaambia majirani kwamba napanga mafaili," anasema. "Sijamsahihisha. Anavyojivuna, utadhani napanga nchi."

Bosi, mama wa makamo mwenye miwani mbili kichwani na asiyejua ziko wapi, amemwahidi jambo: filamu hii ikiwafikia wanunuzi, watu wa televisheni, ikiwa nzima, Bi Njia ataajiriwa rasmi. Isipofika nzima, atashukuriwa kwa ushirikiano wake. Kila kibarua anajua maana ya kushukuriwa.

Na wanunuzi wanakuja saa nne.

"Mlingoti, kaka yangu, ulifanya nini?"

"Mimi? Sikufanya kitu! Nilinakili tu ile folda, nikaileta hapa mbele ya kioo, juu ya picha ya mchumba wangu, iwe karibu."

Mtia rangi anajishika kichwa.

"Ukawa unachorea humo?" anauliza Bi Njia.

"Humohumo. Na kila jioni nabofya Tuma, kama ulivyotufundisha. Inaniambia hakuna jipya. Nikasema, hii mashine ina dharau."

Kumbe mashine haikuwa na dharau. Kila jioni ilikwenda kwa uaminifu kwenye folda ya zamani, ikabisha hodi, ikakuta hakuna mtu, ikarudi.

"Si unakili tu urudishe kule?" anauliza Bosi.

"Shikamoo Bosi, lakini hapana. Nakala yake ina kuku mpya na mbingu ya zamani. Mtia rangi ameshaibadilisha mbingu. Tukimwaga yote kwa pamoja, tutampata kuku tupoteze mbingu."

"Basi bofya Leta Mapya!" mtia sauti anapaza sauti, na mkono wake tayari uko njiani kuelekea kwenye kipanya. Bi Njia anauchapa.

"Yakija mapya juu ya folda hii yatamfunika kuku. Mwacheni apumue!"

Kwanza anahifadhi nakala kwenye flashi, anaitia mfukoni na kuupapasa mfuko. Kisha anafungua mipangilio. Haihamishi kazi kuifuata njia. Anaihamisha njia kuifuata kazi. Anafuta anwani ya folda ya zamani, anaandika ile iliyokaa juu ya uso wa mchumba, na badala ya kuiamuru programu ilete, anaiamuru ilinganishe.

Huko chini mlango wa gari unafungwa. Viatu vinaanza kupanda ngazi.

"Dada, fanya haraka," ananong'ona Mlingoti.

"Haraka ndiyo iliyomweka kuku juu ya mchumba."

Kioo kinawaka. Programu imeona alichobadilisha Mlingoti mwenyewe: kuku, mabawa yake, viatu vyake. Mbingu hakuigusa, kwa hiyo ile mpya ya ghalani inabaki. Bi Njia anabofya Tuma. Muunganishaji wa vipande vya filamu, upande wa pili wa chumba, anavuta kazi kutoka ghalani, na anaruka kutoka kitini.

"Yupo! Yupo na viatu!"

Wageni wanaingia na kukuta watu wazima wanakumbatiana. Wanadhani ndivyo wanavyopokelewa wanunuzi hapa. Wanaketi, wanatazama, na kuku anapopanda basi mmoja wao anacheka hadi anaomba maji.

Baada ya kupeana mikono na wageni na kuwasindikiza, Bosi anarudi akiwa amepata miwani moja.

"Wewe. Kesho uje na vyeti."

"Viko kwenye mkoba tangu siku ya kwanza, Bosi."

Sasa ana mpango. Anatengeneza mipangilio ambayo kompyuta mpya ikiwashwa itajionesha njia yenyewe, na folda ya kazi itakataa kunakiliwa ovyo. Mtu akae, awashe, achore, asijue hata kama Bi Njia yupo.

"Kibarua hana likizo," anasema. "Mwajiriwa anayo. Ya kwanza naenda kukaa kwa mama, nilale mpaka aniamshe kwa kelele. Na simu nitazima."

"Usizime!" ofisi nzima inapiga kelele.