Simu Tulizozima kwa Sababu ya Jua

Ujumbe ulinifikia asubuhi nikiosha vikombe vya chai kando ya foleni ya malori pale Malaba. Ulisema dhoruba ya jua inakuja, na upepo wake utachoma kila simu iliyowashwa, kwa hivyo watu wazime siku tatu. Mimi huona haya kuongea na watu, na mengi huyasema kwa simu, nikiandika polepole. Sikuuliza mtu. Nilimtumia dada yangu aliyeolewa Rukala, kule Budalang'i, nikaongeza maneno yangu: "Tafadhali zima, na uwaambie majirani." Akajibu, "Sawa, mdogo wangu." Nami nikazima yangu.

Siku ya pili, redio ya kibanda cha jirani ilisema mto Nzoia umevunja kingo na maji yameingia mashambani Budalang'i. Niliwasha simu bila kujali jua. Nilipiga mara nyingi. Dada hakupatikana.

"Mama chai, unanimwagia," dereva mmoja, mteja wangu, aliniambia. "Ni nini?"

Nilimwambia yote. Siku zote nilikuwa nimemuuliza sukari tu. Akacheka kidogo.

"Upepo wa jua upo, hiyo si uongo. Msichana wangu wa kwanza ni mwalimu wa sayansi, alinifundisha." Akagonga kioo cha mbele cha lori lake. "Gari ikikimbia, upepo unagonga hapa, unagawanyika, unapita kando, huko nyuma unavuta turubai. Dunia nayo ina kinga yake, ni sumaku. Upepo wa jua unaifinya upande wa mchana, na upande wa usiku unaivuta ikuwe mkia mrefu. Ukikuja na nguvu, hiyo sumaku inatikisika. Redio za mbali zinakwaruza, setilaiti zinasumbuka, hata stima ya nchi zingine inaweza potea, taa zizimike. Lakini simu ya mfukoni? Hapana."

"Na kipara yako, mzee?" utingo wake akauliza.

"Hiyo inachomwa na jua ya kawaida. Wewe kunywa chai."

Sikuweza kucheka. Nilimwachia jirani chupa za chai nikaondoka.

Njia nzima niliwaza kwamba, kama maji yalimkuta dada ndani, ni mimi niliyemzibia masikio. Karibu na Rukala nilivua viatu nikapita majini hadi kwenye tuta la kuzuia mto. Watu walikuwa wamekaa juu yake na magodoro, mbuzi na masufuria. Nikamwona dada anamenya viazi vitamu, mtoto mgongoni. Nikakaa palepale kwenye matope nikalia.

"Wewe! Umetoka wapi?" akasema. "Unalia nini, na tuko wazima?"

"Simu yako, dada!"

"Si ulisema tuzime?" Akanionyesha sufuria iliyofunikwa na kufungwa kwa leso. Ndani mlikuwa na simu saba, yake na za majirani. "Nimezilinda vizuri, jua halijaziona hata kidogo."

Nilimnong'oneza kwamba nilikosea. Akaacha kisu.

"Basi waambie mwenyewe. Walizima kwa neno lako."

Nilisimama mbele ya majirani wake nikaeleza habari ya sumaku na upepo kama dereva alivyoieleza, nikitazama miguu yangu. Nikaomba msamaha.

"Kwa hivyo jua imetuachia simu," mama mmoja akasema, "na maji imechukua kuku wangu wote. Tungezima mto!"

Walicheka, na mimi nikapata pumzi. Simu zikawashwa, ujumbe ukaanza kulia mfululizo. Mmoja ulitoka kwa chifu, wa asubuhi ile: mashua ingefika saa kumi kuwachukua wenye watoto wadogo. Nikatazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Haya, fundi wa jua," dada akasema, akinitupia kona moja ya godoro. "Shika hapo."