Kizimba cha Anyesi

Mtu asikudanganye kwamba lile jumba la mawe pale Majengo lilikuwa la matajiri. Kabla hawajaliwekea vioo na viyoyozi lilikuwa soko, na waliolijaza ni wanawake wa vijijini. Anyesi wa Chamwino alikuwa mmoja wao. Kizimba chake, alichoachiwa na mama yake, kilikuwa karibu na mlango wa nyuma. Hapo aliuza mlenda wa kukausha tangu usichana wake hadi wateja wakaanza kumwita bibi.

Kisha soko likafungwa kwa ukarabati. Afisa mmoja kijana aliwakusanya akawaahidi, “Wafanyabiashara wote watarudi kwenye nafasi zao.” Anyesi akapiga vigelegele. Miaka yote ya ukarabati aliuza juani kando ya barabara, akifukuzwa huku na kule kama kuku, akisubiri.

Jumba likafunguliwa, kumbe limekuwa mgahawa na maduka ya vitambaa. Anyesi akaenda kudai kizimba chake.

“Shikamoo, bibi,” alisema afisa yuleyule, kwa adabu zote. “Tulisema wafanyabiashara. Hao ni wenye maduka, kama mzee Ebrahim wa vitambaa. Nyie ni wajasiriamali wadogo.”

Ujasiriamali gani huo? Mama yake alilipa ushuru wa soko maisha yake yote, na hakuna mtoza ushuru aliyewahi kumwambia, acha mama, wewe si mfanyabiashara. Leo ndiyo wanajua kuchagua maneno! Anyesi akaondoka bila kuaga.

Na bila haya wakamtafuta tena siku ya uzinduzi. Avae kaniki, akae mlangoni na ungo wa mlenda, ili mgeni rasmi aone historia ya jengo. Akaenda, kwa sababu alitaka kuingia mle ndani.

Mgeni rasmi akainama mbele ya kamera, akamwamkia kwa lugha ya kwao Anyesi. “Mbukwa, bibi! Unauza nini hapa?”

“Siuzi, mwanangu. Wauzaji walifukuzwa. Mimi nimewekwa nitazamwe.”

Mgeni akacheka, watu wakapiga makofi, na afisa akamnong'oneza bibi atabasamu kwa picha. Anyesi akainuka na ungo wake. Akapita katikati yao mpaka pale kilipokuwa kizimba chake, ambapo sasa pana meza ya kioo. Akasukuma glasi pembeni, akamwaga mlenda wote juu ya meza, akavuta kiti akakaa.

“Haya,” akasema kwa sauti, “anayenunua aje.”