Tulivyopanga safari ya Mombasa kupeleka vibuyu vya maziwa kwenye tamasha la sanaa

Wakuu, shalom. Na vijana wa humu pia, maana wengi wenu ni umri wa wajukuu zangu.

Naandika kutoka Bunia, mashariki ya Kongo, kartie (mtaa) ya Rwambuzi. Mimi ni mzee wa kanisa, na mtu anayesimama mbele ya waumini kila Jumapili hawezi kuja hapa kuongeza chumvi. Nitaeleza ilivyokuwa.

Baadhi yenu mtakumbuka niliuliza humu njia nzuri ya kutoka Ituri mpaka Mombasa. Mlinijibu kwa upole, hata wale walionitania kwamba mzee anakwenda kuogelea. Nimerudi kuwashukuru na kuwaambia safari iliishia wapi.

Binti yangu wa mwisho, Neema, ni msanii. Si wa kuchora picha za ukutani. Yeye huchukua vitu vya nyumbani, akavipanga chumbani au uwanjani mpaka mtu anasimama na kufikiri. Wanaiita sanaa ya kisasa. Mwanzoni sikuielewa, nikaiombea tu. Siku hizi ninaielewa kidogo, na naiombea zaidi.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa vibuyu vya maziwa.

Niwaeleze wasiotujua. Sisi ni wafugaji wa upande wa Fataki. Vita vilipotutoa kule, ng'ombe hawakubaki. Lakini akina mama wengi walikimbia na kibuyu kimoja kila mmoja, kimefungwa mgongoni kama mtoto. Wakafika Bunia, wakakitundika ukutani, kikakaa hapo kitupu miaka na miaka.

Neema alikwenda nyumba kwa nyumba, akaviazima. Vilikuwa na vumbi, masizi, vingine buibui amejenga mdomoni. Akavipiga picha hivyo hivyo na kuzituma kwa waandaaji wa tamasha moja huko pwani.

Wakamkubali. Mwaliko ulikuwa wa watu wawili, msanii na msaidizi mmoja.

Msaidizi nilikuwa mimi.

Sifichi, wakuu, nilifurahi kama mtoto. Bahari nimeihubiri maisha yangu yote na sijawahi kuiona. Nikaanza kupanga: gari mpaka Tchomia, mtumbwi wa injini kuvuka ziwa mpaka Uganda, basi mpaka Kampala na Nairobi, halafu treni mpaka Mombasa. Siku chache kule, kisha kurudi. Begi langu lilikuwa tayari kabla ya pasipoti.

Ushauri kidogo hapa kwa wanaopanga safari kama hii: anzeni makaratasi mapema sana, na msisahau karte ya chanjo ya homa ya manjano. Mpakani watu wanaiulizia kabla hawajakuuliza jina.

Sasa, siku moja mimi na Neema tulikwenda mjini kufuatilia hayo makaratasi. Tuliporudi tulisikia harufu ya moshi tangu barabarani. Na nyimbo.

Uani tuliwakuta akina mama wa jirani wamezunguka mkeka. Katikati yao ameketi Yaya Alisi. (Kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto kama kwenu; na mkisikia “njo” yetu, ni “ndiyo” yenu.) Yaya anaishi nasi tangu tulipokimbia.

Vibuyu vyote vilikuwa vimeoshwa. Vimepakwa siagi, vinang'aa. Na Yaya alikuwa anavifukiza: majani makavu ya malisho yanachomwa ndani ya chungu kidogo chenye shingo, moshi unaelekezwa ndani ya kibuyu, kisha kinafunikwa haraka ili harufu ikae. Ndivyo mama zetu walivyotunza maziwa.

“Yaya,” nikasema, “munafanya nini?”

“Tunafanya kazi yenye weye na mutoto wako mulisahau. Bibuyu biende kwa wageni na mavumbi? Watasema Fataki haikukuwa na wanawake.”

Neema alisimama kama aliyepigwa.

“Shangazi, ile mavumbi njo ilikuwa kazi yangu!”

“Mavumbi njo kazi?” Yaya akawageukia wenzake. “Basi chini ya kitanda ya papa yako kuko kazi mingi. Ingia, uchukue, upeleke Mombasa.”

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Neema hakucheka. Aliingia ndani na kufunga mlango.

Wakuu, muelewe pande zote mbili. Kwa Neema, lile vumbi lilikuwa ushahidi. Lilikuwa miaka yenyewe, na huwezi kwenda sokoni kununua vumbi lingine la namna ile. Kwa Yaya, chombo cha maziwa kutoka nje ya nyumba kikiwa kichafu ni aibu inayofuata ukoo. Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alitaka mtoto wetu aheshimiwe.

Jioni Neema alinionyesha ujumbe aliowaandikia waandaaji. Anajitoa.

“Usiitume kwanza,” nikamwambia. “Tukule, tuombe, tulale. Kesho ukiona bado ni neno nzuri, utatuma.”

“Papa, kazi imekufa.”

“Sawa. Maiti haikimbie. Itangoja asubuyi.”

Hapo alicheka kidogo, kwa hasira.

Asubuhi niliketi na Yaya akipanga vibuyu vyake kivulini. Sikumlaumu. Nilimuuliza jambo lililonisumbua usiku: mbona amevifukiza, na ng'ombe hatuna? Kuosha naelewa. Lakini moshi ni wa maziwa.

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini tunafumba macho tukiomba.

“Mudogo wangu, hatufukize kibuyu sababu iko na maziwa. Tunafukiza sababu maziwa itakuya. Mungu akirudisha ngombe kesho, nitamwambia angoje nioshe?”

Neema alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Aliweka beseni chini, akachukua kibuyu kimoja, akakifunua na kuingiza pua.

“Hii njo asubuyi ya kwetu,” akasema.

“Utakumbuka wapi?” Yaya akajibu. “Tulikukimbiza ukiwa mudogo sana.”

“Miye sikumbuke. Pua njo inakumbuka.”

Yule mama aliyecheka jana mpaka akashika mbavu alikuwa amekuja kuchukua chungu chake. Aligeuza uso na kujifuta kwa kitenge.

Ule ujumbe haukutumwa. Neema aliandika mwingine, mrefu. Alieleza kwamba vumbi limetoka, na kwamba sasa hataki vibuyu vitundikwe juu nyuma ya kamba ya kuzuia watu. Anataka viwe chini, juu ya mikeka, na mgeni apige magoti, afunue, anuse.

Tulingoja jibu kwa wasiwasi mkubwa. Kazi waliyoichagua ilikuwa ile ya vumbi, na walikuwa na haki ya kuikataa hii.

Mwishowe walipiga simu. Walikuwa na swali moja tu: harufu inakaa muda gani?

Neema akamgeukia Yaya. “Siku kidogo tu,” Yaya akasema. “Kisha unarudilia. Na ukikosea moto, kibuyu kinapasuka.”

Neema hajui kufukiza. Mimi pia sijui, ni kazi ya wanawake na sikuwahi hata kushika kile chungu.

Kila mtu alijua mwaliko ni wa watu wawili. Hakuna aliyeniangalia, na kule kutoniangalia kulikuwa kama kuitwa jina.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kuomba. Nisijifanye mtakatifu: maombi yalikuwa marefu kuliko ilivyohitajika. Niliporudi nilisema, “Yaya, tafuta viatu vizuri.”

“Miye? Na hii magoti? Watu ya Mombasa watanicheka!”

“Weye njo utawacheka,” Neema akamwambia.

Basi tulirudi kwenye maofisi kuanza upya, safari hii kwa jina la Yaya. Namshukuru Mungu tulikuwa tumeanza mapema.

Niliwasindikiza mpaka Tchomia. Pale ufukweni mwenye mtumbwi alichukua kreti yetu ya vibuyu akaiweka juu ya mafurushi ya samaki wakavu. Yaya akagoma kupanda. Sisi wafugaji hatuchanganyi maziwa na samaki hata kwenye sahani, sembuse safarini.

“Samaki yenu iko muzuri,” alimwambia, “lakini haiwezi lala na chombo ya maziwa. Toa moja kati ya hawa wawili.”

“Mama, weye njo commandant wa mtumbwi?” yule bwana akauliza.

“Hapana. Miye ni mwenye mali. Commandant ni weye, na unachelewesha watu.”

Abiria wakaanza kupiga makofi. Samaki walihamishwa, mtumbwi ukaondoka, nikabaki nikipunga mkono mpaka sikuwaona tena.

Kutoka Mombasa, Neema alinitumia video. Chumba cheupe, mikeka, na watu wamepanga foleni kupiga magoti mmoja mmoja. Wakuu, nimeona ibada nyingi, lakini utulivu ule nimeuona mara chache. Vijana wenye nywele za rangi, wazee wa kofia, wageni wa mbali, wote wanainama na kunyamaza. Na pembeni Yaya anafoka: “Usishike mdomo ya kibuyu! Shika tumbo!”

Kisha mama mmoja wa pwani, mwenye buibui, akabaki amepiga magoti. Akamwambia Yaya kwamba na wao hufukiza mitungi ya maji, kwa ubani. Halafu akauliza, kwa Kiswahili chao kitamu, “Na hiki, mamangu, kilikuwa cha ng'ombe yupi?”

Tangu tutoke Fataki, dada yangu hajawahi kutaja jina la ng'ombe hata mmoja. Ukimuuliza alikuwa anaondoka.

Pale akasema, “Hiki kilikuwa cha Bihogo.” Akagusa kinachofuata. “Hiki cha Gaju. Alikuwa na kichwa kigumu, lakini maziwa yake!” Akaendelea mkeka mzima, na yule mama akamfuata kwa magoti, akirudia kila jina ili asikosee.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Sioni kama nilikosa safari.

Funzo nililopata: ukiona kazi ya miaka imeharibiwa na mtu anayekupenda, usitume ujumbe wowote siku hiyo. Lala kwanza.

Wenye uzoefu wa matamasha ya namna hii, karibuni mseme yaliyowakuta. Swali la njia, nitajibu mimi. La sanaa, nitamwita Neema. La moshi na ng'ombe, Yaya amekwisharudi na yuko uani, lakini ketini vizuri kabla ya kumuuliza, maana siku hizi hajibu kwa ufupi.