Bastola Iliyong'arishwa ya Verlin Ratliff

Kwenye maonyesho ya silaha huku Missouri, meza yangu ya mikanda ya ngozi ilikaa jirani na ya Verlin Ratliff miaka kumi na minane. Mtu akileta bastola ya zamani ya silinda, Verlin aliigeuza tumbo juu, akasogeza lenzi, akasoma namba, akataja mwaka ilipotengenezwa.

"Ni ya 1871, si mwaka umeandikwa hapa?" mwenye bastola alibisha.

"Huo ni mwaka waliosajili ubunifu, bwana mkubwa. Wewe una jina la babu yako, mlizaliwa siku moja?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Sababu alinieleza mara moja tu, tukila mikate na mchuzi wa soseji kabla milango haijafunguliwa.

Baba yake, mzee Orville, alitunza bastola ya babu Asa, askari wa kaunti aliyeuawa kazini. Mwaka 1962 mahakama ya kaunti ikatengeneza kabati la kioo la kumbukumbu za askari waliouawa kazini. Orville alitaka jambo moja tu duniani, bastola ya baba yake iwekwe mle. Sharti lilikuwa namba ya bastola ifanane na iliyo katika daftari la kaunti.

Verlin alikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa gereji, akaona aibu babu aende mahakamani na kutu. Akaichukua kimya kimya, akaikandamiza kwenye gurudumu la kung'arishia, akaitia rangi mpya, akafunga vishikio vyeupe kama meno ya bandia.

"Umefanya nini, Verlin?"

"Nimekusafishia, baba. Haipendezi?"

"Mbao za kishikio ziko wapi?"

"Nimezichoma moto. Zilikuwa zimepasuka, bwana!"

Mzee akaketi.

Mahakamani, Bi. Neva Pruitt, mtunza daftari, alitafuta namba chini ya bastola. Ilikuwa imepigwa sehemu tatu, na zote tatu gurudumu lilikuwa limezila. Hata kwa lenzi ilibaki mikwaruzo tu.

"Skrubu hii ya mbele inaonyesha ni ya zama za baba yako, mzee Orville. Lakini za zama hizo ni maelfu. Nitajuaje ni hii?"

"Namba iliandikwa pia kwa penseli, ndani ya mbao za kishikio."

"Basi niletee mbao, mzee wangu, hata kesho."

Orville akamtazama mwanawe, kisha akavaa kofia. Mpaka anakufa, miaka miwili baadaye, hakumlaumu hata kidogo.

"Angenitukana," Verlin aliniambia, akisukuma sahani, "ningejua pa kuanzia kuomba radhi."

Ndipo akajifunza namba zote, skrubu zote, alama zote za wakaguzi wa kiwandani. Kajifunza vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua, na hazikumfaa kitu.

Ile bastola aliiweka kwenye kona ya meza. Mara ya mwisho tulipokaa pamoja, kijana mmoja mwenye kofia ya majani akainyooshea kidole.

"Mzee, hiyo mpya unauza?"

"Si mpya. Ya babu yangu. Imepita karne."

Kijana akainama, akaikagua, akacheka.

"Acha utani, mzee. Hebu nionyeshe namba."

Verlin akaifunika kwa kitambaa, akamuuliza aliyefuata kaleta nini.