Gari Lenye Mkia

Gari lile nililichora kwa chaki sakafuni, palepale kwenye karakana yangu ya kuchomelea, Butimba. Shule niliishia darasa la tatu, karatasi za michoro sizijui. Mteja nilikuwa namlaza chini, namzungushia chaki kama maiti ya ajali, halafu vingine naviongeza pembeni yake. Hata milango ya maduka nilitengeneza hivyo, na watu hawakulalamika sana.

Safari hii mteja alikuwa bwana mifugo aliyepunguzwa kazi serikalini, miaka ile ya soko huria. Alitaka kutibu ng'ombe kwa kujitegemea, vijiji vya ng'ambo ya Busisi, ambako barabara zilikuwa njia za mifugo tu. Kiinua mgongo chote alikinunulia gari kuukuu la mnada, la kuvuta kwa magurudumu yote manne.

"Fundi, nataka nilale humo, nipike humo, na dawa zikae kwenye barafu. Likishindikana hili, mimi narudi kijijini kulima pamba."

Nikamlaza. Mrefu yule bwana! Kitanda kikala nafasi yote ya ndani, basi jiko na barafu nikavitoa nje, nyuma, kwenye sanduku la bati nene la hatua nzima. Mke wangu alikuwa mlangoni anakaanga mapanki. Mapanki ni mifupa ya sangara, ile inayobaki viwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Tulikula sana, na matamu yalikuwa, asikudanganye mtu. Akaniuliza, "Mbona mkia mrefu hivyo?"

"Wewe geuza samaki," nikamwambia.

Siku ya kwanza nilimsindikiza mpaka Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Gari likateremka gatini, magurudumu ya mbele yakaanza kupanda kivukoni, nyuma kukasikika kishindo. Sanduku limekita chini, magurudumu ya nyuma yanazunguka bure.

"Mzee, hilo ni gari au mamba?" mfanyakazi mmoja wa kivuko akapiga kelele.

"Mkia ubaki Mwanza, kichwa kivuke!" mwenzake akadakia.

Bwana mifugo hakucheka. Akashuka, akachungulia uvunguni. "Fundi, ulipochora, uliliangalia kutoka wapi?"

"Kutoka juu," nikasema. Sakafuni utachoraje vingine? Hivyo ndivyo mwewe anavyoliona gari. Kuliangalia ubavuni, likiwa kwenye mteremko, hakukunijia kabisa.

Tukalisukuma likatoka, kivuko kikaenda zake. Karakanani nikalichora upya ukutani, kwa ubavu, na mteremko wa Kigongo chini yake. Kilichogusa mteremko nikakikata. Jiko na barafu vikaingia ndani, kitanda kikafupishwa.

"Magoti utakunja," nikamwambia.

"Ng'ombe haulizi nimelalaje."

Safari ya pili nilisimama kando ya gati, naangalia ubavuni, mpaka gurudumu la nyuma likapita. Akavuka. Hakupunga mkono, alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

Lile sanduku mke wangu aliliomba, akawa anahifadhia mapanki yake. Sikumkatalia.