Pikipiki Iliyofika Imepinda Shingo

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kichwani kutoka huku Unyanyembe, Tabora ya leo, mpaka pwani. Maana yake ni kwamba Mzaramo akinitukana mbele ya mkwe wangu, mkwe atacheka, nami nitacheka, na nikimrudishia hana ruhusa ya kununa. Hata msibani mtani anaweza kujilaza mahali pa marehemu akadai chai, na hakuna wa kumfukuza. Nayaeleza haya mapema ili mtu asinione mjinga kuliko nilivyokuwa kweli, siku ile niliyopigiwa simu na karani wa ofisi moja ya mizigo pale Mtendeni, Mzaramo wa kuzaliwa na kukua.

"Mtani," akasema, "pikipiki yako imefika kutoka Dar. Lakini imepinda shingo kama jogoo wa sikukuu. Njoo na sanda."

Nilicheka mpaka cherehani ikasimama yenyewe. Mimi ni fundi nguo, na wateja wawili waliokuwa kibarazani wakacheka pia bila kujua kinachochekwa. Nikamjibu kwamba aliyepinda ni yeye na ukoo wake wote, nikafunga duka nikaenda.

Niliikuta imesimama kwenye kona ya ghala, imeviringishwa maboksi na viroba na kamba nyingi za kutosha kuifunga Tabora nzima isiondoke. Karani akanipa daftari la mapokezi, akaweka kidole mahali pa kusaini.

"Fungua kwanza uone," akasema. "Walipakia tenki la maji juu yake. Usisaini kabla hujaona."

"Mzaramo wewe, siku utakayosema kweli mvua itanyesha asali. Mmezoea kuuza mashamba mkacheze ngoma, leo unajua habari za pikipiki?"

"Haya, saini. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu bila kuvunja hata moja. Wewe umeshindwa hata kubebewa."

Nikasaini. Tena nilisaini kwa mbwembwe, maana mimi nilimaliza kidato cha nne katika masomo ya jioni, nikiwa na ndevu zilizokuwa zikifuta ubao kabla ya mwalimu, na saini yangu nilijifundisha huko huko. Ina mikia mitatu. Pembeni nikaandika kwa mkono mzuri: *Nimepokea ikiwa salama.* Nikaipakia kwenye mkokoteni, nikarudi nayo nyumbani nikipiga mluzi.

Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya mke wangu. Yeye ni muuguzi, na alikuwa amehamishiwa zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Kwihara, kwenye ile njia ya zamani ya misafara ambayo mchanga wake unaweza kummeza ng'ombe ukabakiza pembe tu. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Siku ile ilikuwa Jumatano. Kwa baiskeli angefika kazini mgonjwa kuliko wagonjwa wake. Kama hakuna pikipiki, kulikuwa na chumba cha muuguzi palepale kijijini, naye angehamia huko, sisi nyumbani tungemwona Jumapili kwa Jumapili. Kupanda pikipiki alijua zamani sana. Kwao Nzega alikuwa akipeleka maziwa mjini na pikipiki ya kaka yake, na mpaka leo ananyoosha kona kuliko mwanamume yeyote ninayemfahamu, mimi nikiwemo.

Nilikata kamba mbele yake kama mtu anayezindua daraja. Boksi la mwisho likaanguka. Usukani ulikuwa unatazama Kigoma na tairi la mbele linatazama Mwanza. Taa ilikuwa imeingia ndani ya uso wake. Tenki la mafuta lilikuwa na bonde ambalo ungeweza kupanda mpunga.

"Baba," mke wangu akasema taratibu, "si ulisema umeipokea salama?"

"Mtani aliniambia imevunjika."

"Akakwambia?"

"Aliniambia. Ndiyo maana sikuamini."

Hakugomba. Angegomba ningefurahi. Aliingia ndani, nikasikia sufuria zinagongana jikoni, nikajua anachagua ipi ataondoka nayo na ipi atatuachia.

Kesho yake asubuhi niliisukuma hadi kwa fundi pikipiki. Huyu ni mzee wa Kanisa la Moraviani, anaimba besi kwaya, na sauti yake ni nzito kiasi kwamba akikohoa karibu na injini inawaka. Nikamwamkia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umegonga treni?"

Nikamweleza. Kisha nikaanza kumpa msaada wa fizikia, somo nililopata C, na tangu siku ile hakuna kitu kilichoanguka mbele yangu bila mimi kueleza sababu. Nikamwambia kani ya tenki la maji imeshuka kwa pembe fulani, kwa hiyo mpindo utakuwa umesambaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, maskini, akaniuliza kama nina uzi.

"Uzi?"

"Si unashona? Lete uzi wa magunia. Na unyamaze kidogo, nataka kuiangalia."

Aliizunguka kwa nusu saa bila kushika spana. Aliinama akachungulia chini ya tenki, pale shingo ya fremu ilipoungwa, akapitisha kidole kwenye rangi. Akaniita nione. Rangi ilikuwa nzima, haijapasuka wala kufanya mikunjo.

"Hapa ndipo penye kesi," akasema. "Kama fremu imepinda, hii utakuwa unaiuza vipandevipande. Kama ni shokapu tu, inapona. Rangi inasema haijapinda, lakini rangi pekee haitoshi kumpandisha mke wa mtu."

Akafungua tairi la mbele, akachomoa shokapu zote mbili, akapitisha bomba lililonyooka kwenye shingo ya fremu. Nyuma akafunga uzi wangu kwenye tairi, upande huu na upande huu, akauvuta mpaka mbele. Mimi nikapewa kazi ya kushika ncha. Akalala chini kifudifudi kwenye vumbi na ovaroli yake, akafumba jicho moja. Mimi nilikuwa nimebana pumzi. Nadhani Mtendeni nzima ilikuwa imebana pumzi, hata jenereta ya jirani ilizimika.

"Sogeza kulia. Hapo. Usitikisike, uzi unacheza."

"Sitikisiki, fundi, ni moyo."

"Basi uwekee breki."

Bomba lilikuwa katikati ya nyuzi mbili, sawasawa kabisa. Akanyanyuka, akajipangusa magoti. "Fremu nzima," akasema. Nikamkumbatia na grisi yake yote. Lile shati sijalivaa tena.

Kisha akaleta kipande cha kioo cha dirisha, akakilaza mezani, akazungusha juu yake zile nguzo ndefu za chuma za shokapu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesukuma chapati. Ya kwanza ilinesa kidogo tu. "Hii nainyoosha." Ya pili iliruka juu ya kioo kama kambare aliyetolewa majini, na katikati ilikuwa na mkunjo. "Hii hapana. Ukiinyoosha itakatika siku moja akiwa kwenye mwendo. Tafuta mpya, na iwe ya aina hii hii. Na iwe hapa kabla ya Jumamosi jioni. Jumapili mimi niko kanisani, hata pikipiki iwe ya askofu."

Siku ile nilizunguka maduka yote ya spea ya Tabora, na mengine nadhani niliingia mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Zilikuwepo fupi, zilikuwepo nene, ilikuwepo moja ya kukaribiana iliyokuwa na kutu. Ya kwetu haikuwepo. Saa kumi jioni miguu yangu ikanipeleka yenyewe kwenye ofisi ya mizigo.

Karani aliniona mlangoni, akafungua mdomo kutania, akaona uso wangu, akaufunga.

"Imevunjika kweli," nikasema.

"Mtani, si nilikwambia?"

"Uliniambia kwa utani!"

"Kuvunjika nilisema kweli. Sanda ndiyo ilikuwa utani."

Akalivuta daftari, akafungua ukurasa ule, akasoma kwa sauti maneno yangu mazuri na mikia yake mitatu. Bosi wake, akasema, akiyaona haya hawezi kulipa hata nati. Nikamwambia sikuja kudai; kosa ni langu, nimelisaini. Nimekuja kwa sababu mke wangu ameshachagua sufuria, na lori lao linatoka Dar kesho.

Aliposikia habari ya sufuria alikaa chini. Na hapa ndipo mtani anapokuwa mtani. Kwetu mtu akifiwa, ndugu wanalia, mtani ndiye anayechimba, anayechota maji, anayepika. Kazi za msiba ni zake, matusi pia ni yake.

"Basi huu msiba ni wangu," akasema. "Nipe namba iliyoandikwa kwenye shokapu."

Akampigia mdogo wake aliyeko Kariakoo, akamsomea namba mara tatu. Akampigia dereva wa lori, akamwambia kuna mzigo utakaokaa kwenye kiti, sio nyuma, na kama akiupakia nyuma asirudi Tabora. Kisha akanigeukia: "Andaa kuku. Mtani hafanyi kazi za msiba bure."

Jumamosi, saa saba mchana, nikiwa kwa fundi, nikasikia kilio barabarani. Si kilio cha kawaida. Kilikuwa kilio cha kuamsha waliolala tangu enzi za misafara. Watu wakatoka madukani. Karani alikuwa anakuja katikati ya barabara, khanga kiunoni, amebeba mikononi kitu kirefu kilichofungwa kwa khanga nyingine kama mtoto mchanga, akilia kwa sauti ya juu:

"Uuuwi! Mnyamwezi ameua pikipiki! Ameisaini mwenyewe! Ameandika salama! Uuuwi, wasomi wa jioni wametumaliza!"

Wateja wa mama lishe wa jirani wakaacha wali. Fundi, mzee wa kanisa kabisa, alikaa juu ya tairi bovu akicheka besi mpaka vioo vikatetemeka. Mimi nilitukanwa mbele ya umati ambao kwa hesabu yangu ulizidi wa mechi ya mpira, na sijawahi kufurahia matusi namna ile. Ndani ya khanga kulikuwa na shokapu mpya, inang'aa, na namba ile ile.

Kuku alishachukua. Alipitia nyumbani kwanza, akamkamata mtetea wangu bora bila kuuliza, akamwachia mke wangu ujumbe kwamba amekwenda kuzika. Ndivyo mke wangu alivyojua kwamba shokapu imefika, akaja nyuma yake, hatua mia moja hivi, anacheka na kujifanya hatujui.

Fundi alifunga shokapu, akafunga tairi, akanyoosha usukani. Bonde la tenki akaliacha. "Hilo halimzuii mtu kufika," akasema. Nikataka kuwa wa kwanza kuijaribu. Akanizuia kwa mkono.

"Anayeipanda ndiye aijaribu."

Mke wangu akajifunga khanga vizuri, akavaa kofia, akaipiga teke moja ikawaka. Akaondoka kuelekea njia ya Kipalapala, nasi watatu tukabaki tumesimama kama picha ya harusi. Aliporudi hakuzima injini.

"Inavuta kushoto, fundi."

"Sana?"

"Kidogo. Lakini mchangani kidogo ni nyingi."

Fundi akainamisha kichwa kwa heshima, kitu ambacho mimi na fizikia yangu hatukukipata siku zote tatu. Akalegeza nati za juu, akalibana tairi katikati ya magoti, akaushika usukani kwa mikono miwili akauzungusha kwa kishindo, *haya*, kama anayemnyoosha mtoto mtukutu. Akakaza. Mke wangu akaenda tena. Safari hii alichelewa mpaka karani akaanza kulia upya. Aliporudi alizima injini, akavua kofia, akasema neno moja tu: "Nyoofu."

Jumatatu aliondoka kabla jua halijatoka vizuri. Siku ile nilishona suruali moja ikiwa na miguu miwili ya kushoto, na mwenyewe sikuona mpaka mteja aliponionyesha. Saa kumi na moja nilikuwa barazani. Saa kumi na mbili kasorobo nilikuwa barabarani. Ile njia inayotoka Kwihara ilikuwa na vumbi la ng'ombe, vumbi la baiskeli, vumbi la mtu mmoja anayekimbia kwa sababu zake. Halafu likaja vumbi moja jembamba, lililonyooka.

Alisimama mbele yangu, nyusi zake nyekundu kwa mchanga. Nikamuuliza pikipiki imekwendaje.

"Imekwenda. Nimepima wajawazito kumi na mmoja, na kile chumba wamempa mlinzi." Akanipa kofia nishike. "Maji ya kuoga yapo?"

Yalikuwepo. Nilikuwa nimechemsha ndoo tatu.